Unaanza biashara ya kutunza hesabu? Bango liseme kazi, cheo kisubiri

Vyuo vinapofunga na mahafali kumalizika, ujumbe unaoingia hapa studio Mwanza hubadilika. Pamoja na salamu na maombi ya nyimbo, tunaanza kupata maswali ya vijana waliosomea uhasibu TIA, CBE au SAUT, ambao wamekaa nyumbani miezi kadhaa wakituma barua za kazi zisizojibiwa. Baadhi yao wameamua kutosubiri tena. Wamechanga na mwenzao, wamekodi nusu ya fremu, wana kompyuta moja na printa, na wanataka kuwatunzia wafanyabiashara hesabu zao kwa malipo ya kila mwezi. Swali lao halihusu mtaji. Wanauliza: tuandike nini kwenye bango na kwenye kadi?

Wapo wanaoliona swali hilo kuwa la fundi wa mabango. Sisi tumeona lichukue makala nzima, kwa sababu maneno hayo machache ndiyo yanayoamua nani atasukuma mlango wako, sheria ipi itakuuliza, na mteja atakudai nini mwezi ukiisha. Kijana anaweza kuwa hodari wa debiti na krediti, akafunga fremu baada ya miezi sita kwa sababu watu walipita mlangoni bila kuelewa anauza nini. Au wakaelewa kitu kingine kabisa.

Tuanze na bango ambalo kila msomaji wetu amewahi kuliona mahali: "Tunatoa huduma zote za uhasibu, ukaguzi wa hesabu, kodi na ushauri wa biashara kwa viwango vya kimataifa." Mwenye duka la spea pale Igoma akisoma hivyo, hajui Jumatatu asubuhi utakuja kufanya nini dukani kwake. Anaona maneno makubwa, anadhani bei nayo ni kubwa, anapita.

Tunavyoona, wengi wanaoandika hivyo hawajabuni; wamenakili. Ukisajili biashara BRELA unatakiwa kutaja shughuli yako, na shughuli hizo zimepangwa kwa mfumo wa kimataifa wenye namba. Kazi hii iko kwenye namba 6920, na maelezo ya namba hiyo yanataja kwa pamoja uhasibu, utunzaji wa vitabu, ukaguzi na ushauri wa kodi. Mfumo ule ulitengenezwa kwa ajili ya takwimu za uchumi, ili serikali ijue shughuli zinazofanana ziko ngapi. Hauna maana kwamba aliyesajiliwa chini ya namba hiyo ameruhusiwa kufanya zote nne. Kijana anachukua sentensi nzima na kuipeleka kwa fundi wa rangi, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Kazi nne, watu wanne

Mchukue mama anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni, Kirumba. Ananunua kutoka visiwani, analipa boti, analipa wabebaji, anajaza magunia, anauza mengine taslimu na mengine kwa mkopo kwa watu wa Dar es Salaam, wa Kongo au wa Burundi. Anayeandika kila siku magunia mangapi yameingia na mangapi yametoka, nani amelipa kwa simu na nani bado, kisha mwisho wa mwezi akalinganisha daftari na taarifa ya benki na ya simu, huyo anatunza vitabu.

Anayechukua vitabu hivyo akatengeneza taarifa ya mapato na mizania, akamweleza mama kwamba mwaka huu faida imepungua kwa sababu nauli ya boti imekula kila kitu, huyo anafanya uhasibu. Anayekuja kutoka nje, ambaye hakuandika vitabu hivyo, akapekua ushahidi na kutoa maoni yake kwa maandishi kama taarifa ni za kweli, huyo ni mkaguzi. Na anayemwakilisha mama mbele ya TRA na kumshauri namna sheria ya kodi inavyomhusu, huyo ni mshauri wa kodi.

Mpaka wa hizi kazi una meno. Sheria ya Usajili wa Wakaguzi na Wahasibu, Sura ya 286, ilitungwa mwaka 1972, na ndiyo inayoipa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, kazi ya kusajili watu wa fani hii. Usajili una ngazi, kuanzia fundi sanifu wa uhasibu, mhasibu mhitimu, hadi CPA, na CPA mwenye idhini ya kutoa huduma kwa umma. Kujitangaza kwa cheo ambacho bodi haijakupa ni kosa. Shahada peke yake haikufanyi CPA, na CPA aliyeajiriwa ofisini hawezi kuamka asubuhi akaanza kusaini ripoti za ukaguzi za watu wa mtaani bila idhini hiyo ya pili. Washauri wa kodi nao wana utaratibu wao wa kusajiliwa kupitia TRA.

Kwa hiyo neno "ukaguzi" kwenye bango la kijana aliyemaliza chuo mwaka jana si urembo. Ni tamko. Na kuna upande mwingine ambao vijana hawaufikirii: hata ungekuwa na idhini, huwezi kukagua vitabu ulivyoandika mwenyewe. Ukimwambia mteja kwamba utamwandikia na utamkagua, umemuuzia kitu ambacho benki au mfadhili atakikataa.

Ushauri wetu ni kwamba kabla hujachapa chochote, piga simu au waandikie NBAA, wataje cheti ulichonacho na maneno unayotaka kutumia. Jibu lao linategemea ngazi yako, na ni rahisi kuliko kufuta rangi. Kama unashirikiana na CPA mwenye idhini, liseme hilo waziwazi: "Ukaguzi na uidhinishaji wa ritani za kampuni unafanywa na CPA tunayeshirikiana naye." Kampuni, hata ikiwa ya watu wawili, ritani yake ya mwaka inahitaji kupita kwa CPA mwenye idhini ya kutoa huduma kwa umma, kwa hiyo wateja wa aina hiyo watakuuliza tu. Bora wakute jibu limeshaandikwa.

"Hesabu" ni neno lenye watu wengi

Tuseme umeamua kubaki kwenye kutunza vitabu. Utakiitaje kwa Kiswahili? Hapa ndipo tulipovutiwa zaidi, kwa sababu vitabu vya chuo vinakupa maneno, lakini soko lina maneno yake.

"Huduma za hesabu." Mzazi anayepita na mtoto wa darasa la saba anaweza kudhani ni tuisheni. Dereva wa bodaboda akisikia "hesabu" anafikiria ile pesa anayompelekea tajiri kila jioni. Kwake "kupeleka hesabu" ni kulipa. "Utunzaji wa vitabu" nalo ni jina sahihi kabisa kwenye mtihani, ila mtaani vitabu ni vya shule, na mtunza vitabu ni mtu wa maktaba. "Mhasibu" kwa wazazi wengi ni yule anayekaa dirishani shuleni kupokea risiti za ada. Na "mkaguzi" ni mtu anayekuja pesa ikishapotea.

Tumejaribu kuyafikiria mazungumzo ya kijana anayeingia Mwaloni kutafuta mteja wake wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, gunia au kilo?"

"Sijaja kununua mama. Mimi natoa huduma za hesabu."

"Aa, wangu wa mwisho alishamaliza shule baba. Labda uliza pale kwa jirani."

Sasa mwingine, siku nyingine, kwa mama yuleyule.

"Shikamoo mama. Mimi kazi yangu naandika madeni ya wafanyabiashara. Kila Jumamosi nakuletea karatasi: nani kachukua magunia mangapi, kalipa ngapi, bado ngapi."

"Hata wale wanaolipa kwa simu?"

"Hasa hao mama."

"Hebu kaa kwanza."

Wa pili hakutaja cheo wala fani. Ametaja kitu ambacho kinamnyima mama usingizi, akataja na siku. Tunadhani bango nalo linaweza kuzungumza hivyohivyo. Maneno ambayo wafanyabiashara wenyewe huyatumia ni daftari, madeni, mauzo ya siku, matumizi, mzigo ulioingia, mzigo uliobaki, kufunga mwezi, kufunga mwaka. Mtu anaposema "nataka mtu wa kunifungia mwezi", anaomba utunzaji wa vitabu bila kujua jina lake la chuoni. Huna haja ya kumfundisha jina hilo.

Hatusemi uache istilahi kabisa. Benki, halmashauri na mashirika yanayotangaza zabuni yanataka kuona "utunzaji wa vitabu vya hesabu" na "taarifa za fedha". Kadi ina pande mbili. Upande mmoja uandike kwa lugha ya ofisi, upande wa pili kwa lugha ya sokoni.

Maelezo yenyewe yaweje

Tungependekeza kitu kama hiki kwa anayelenga maduka ya jumla na wauzaji wa mazao:

"Tunaandika mauzo, manunuzi, matumizi na madeni ya biashara yako. Tunakuja dukani mara moja kwa wiki. Kila mwezi unapata karatasi moja inayoonyesha fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, unaowadai na wanaokudai."

Hakuna neno la sifa hata moja hapo. Hakuna "bora", hakuna "uaminifu wa hali ya juu". Kuna kinachofanyika, lini, na kitu ambacho mteja atakishika mkononi. Hiyo karatasi moja ina kazi kubwa kuliko unavyodhani. Mtu akilipia huduma asiyoiona anaanza kujiuliza mwezi wa tatu anakulipia nini. Akiwa na karatasi tatu kwenye droo, hajiulizi.

Biashara nyingine zitahitaji maneno tofauti. Mwenye saluni ana mafundi wanaolipwa kwa mgawo wa kila kichwa, na ugomvi wake ni wa jioni: huyu anasema amesuka watu wanne, kitabu kinasema watatu. Kwake andika "tunakokotoa mgawo wa mafundi". Shule binafsi inataka orodha ya wanaodaiwa ada kabla ya mitihani. Kikundi cha kuweka na kukopa kinataka kujua hisa na mikopo ya kila mwanachama siku ya mgao. Ukitaka kuwahudumia wote hao kwa sentensi moja, utarudi kwenye "huduma zote". Afadhali uchague aina mbili za biashara unazozijua vizuri uanze nazo. Kama ulikulia nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi la shangazi yako, unajua nondo zinavyopotea kuliko mwenye shahada aliyekulia kwingine. Lisimamie hilo.

Jambo dogo ambalo sisi tungeliandika kwa herufi kubwa: risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi inayotumia joto, na maandishi yake hufifia. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inamtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Mwenye duka anayetunza risiti kwenye mfuko wa rambo juu ya friji atakuwa na karatasi nyeupe kabla ya mwaka wa pili. "Tunapiga picha risiti zako na kuzihifadhi kabla hazijafifia" ni sentensi inayoeleweka na kila mtu, na kazi yake kijana mmoja mwenye simu nzuri anaiweza.

Usiahidi kupunguza kodi

Hii ndiyo ahadi inayovuta wateja haraka, na ndiyo tunayoiogopa kuliko zote. Tuipigie mahesabu.

Kwa jedwali la kodi ya makadirio lililotumika mwaka wa fedha 2023/24, mfanyabiashara mdogo asiye kampuni, mwenye mauzo ya mwaka yasiyozidi shilingi 4,000,000, hakuwa na kodi ya mapato ya kulipa. Mwenye mauzo kati ya 4,000,000 na 7,000,000 alilipa 100,000 kama hana kumbukumbu. Akiwa nazo alilipa asilimia 3 ya kile kilichozidi 4,000,000. Kati ya 7,000,000 na 11,000,000 asiye na kumbukumbu alilipa 250,000. Mwenye nazo alilipa 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi 7,000,000.

Chukua genge lenye mauzo ya 6,000,000 kwa mwaka. Bila daftari ni 100,000. Kwa daftari ni asilimia 3 ya 2,000,000, yaani 60,000. Kuokoa ni 40,000 kwa mwaka mzima. Kioski chenye mauzo ya 9,000,000 bila daftari ni 250,000. Kwa daftari ni 90,000 na 60,000, jumla 150,000. Hapo kuokoa ni 100,000.

Sasa tuseme wewe unatoza 20,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 240,000. Ukimwambia mwenye genge kwamba utampunguzia kodi, umesema kweli, lakini amelipa 240,000 ili aokoe 40,000. Siku akikaa na mtoto wake aliyesoma akapiga hesabu hiyo, utampoteza yeye na wote atakaowasimulia. Kwa biashara ndogo kiasi hicho, faida ya kumbukumbu iko kwingine: madeni yanayolipwa, muuzaji asiyeiba, mkopo wa benki unaopatikana kwa sababu kuna cha kuonyesha. Pengine ukweli ni kwamba mwenye genge hilo si mteja wako wa kila mwezi. Mfundishe kuandika daftari lake mwenyewe kwa malipo ya mara moja, uandike huduma hiyo kwenye kadi kama huduma yake: "Tunakufundisha kutunza daftari la biashara yako, siku mbili." Wengine kati yao watakua na watakurudia.

Ipo sababu nyingine ya kukaa mbali na neno "kupunguza". Linavuta mtu anayetaka umwandikie mauzo pungufu. Huyo hatasema hivyo siku ya kwanza. Atasema amesoma kwenye bango lako. Anayesaidia kudanganya kodi naye ana kesi, na daftari lenye mwandiko wako ndilo litakalopelekwa mezani. Andika badala yake "tunaandaa kumbukumbu zako za kodi kwa wakati". Hiyo unaweza kuitimiza.

Wakati una pande mbili

Tukishasema "kwa wakati", tuseme tarehe. Kodi ya mishahara ya wafanyakazi inatakiwa ifike TRA isizidi tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Ritani ya VAT ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa waliosajiliwa. Kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara wa Tanzania Bara kujisajili kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kuanzia Julai 2023, kwa hiyo wengi wa wateja wako wa mwanzo hawatakuwa huko. Kodi ya mapato ya awamu kwa wanaofunga mwaka Desemba iko mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Mteja analeta mfuko wa risiti tarehe 6 jioni, anaondoka akiwa na amani. Tarehe 7 imepita, adhabu imekuja, na anakutazama wewe. Ndiyo maana maelezo ya huduma yataje pia wajibu wa mteja. Si kwenye bango, maana hapo hapatoshi, ila kwenye karatasi ya makubaliano mtakayosaini: "Nyaraka zitufikie kabla ya tarehe 3 ya kila mwezi. Zikichelewa, adhabu itakayotokana na kuchelewa huko ni ya mteja." Iandike kwa Kiswahili, msomeane, kila mmoja abaki na nakala. Katika mji wetu mambo mengi huenda kwa kuaminiana, na ni vizuri, ila tarehe 7 haimjui mtu.

Karatasi hiyohiyo iseme na usichofanya. Kushika pesa taslimu za duka, kwenda benki kuweka mauzo, kusaini kwa niaba ya mwenye mali, kusuluhisha ugomvi wake na muuzaji: kama haya si kazi yako yaandike kwamba si kazi yako. Mtunza vitabu anayepokea pia pesa amejiweka pabaya, kwa sababu siku pesa ikipungua hakuna daftari la mtu mwingine la kulinganisha na lake.

Kuhusu bei hatuna mengi. Ukiandika "kuanzia 20,000" kila mtu atasikia 20,000. Eleza bei hiyo ni ya miamala mingapi kwa mwezi na watu wangapi wa mishahara, basi.

"Wewe si utanipeleka TRA?"

Hili hakuna chuo kinachofundisha, na kila kijana aliyetuandikia amekutana nalo. Mfanyabiashara anaogopa kwamba anayeandika mauzo yake ataongea. Kwa mshindani, kwa ndugu, kwa mke mwenza, kwa afisa wa kodi. Bango lako lisipojibu hofu hiyo, mteja hataiuliza. Atasema tu "tutaongea wiki ijayo".

Jibu lina sehemu mbili na lazima uziseme zote. Taarifa za mteja huzitoi kwa mtu yeyote bila ridhaa yake. Lakini pale sheria inapotaka, kwa mfano kamishna wa kodi anapotumia mamlaka yake kudai nyaraka, huwezi kuzificha wala hutaahidi kuzificha. Sentensi ya aina hii inatosha: "Taarifa zako ni siri yako. Hatumpi mtu mwingine bila ruhusa yako, isipokuwa sheria ikituamuru." Mwenye nia njema atatulia. Asiyetulia, mwache aende.

Na siri sasa si suala la tabia njema peke yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayosajili wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Daftari la madeni lina majina na namba za simu. Orodha ya mishahara ina zaidi ya hapo. Kompyuta yako ikiwa kwenye fremu mnayochangia na wakala wa pesa na fundi simu, uliza Tume unapaswa kujisajili vipi, na weka nywila. Kutuma karatasi ya mteja mmoja kwenye kundi la WhatsApp la wateja wote, hata kwa bahati mbaya, kunaweza kufuta kila neno ulilochapa kuhusu siri.

Jina, leseni na rangi ya bango

Tofautisha jina la biashara na maelezo ya huduma. Jina linaingia BRELA, kwenye TIN, kwenye leseni na kwenye akaunti ya benki, na kulibadilisha baadaye ni safari ndefu. Kwa hiyo jina lisikufunge: ukijiita kwa jina la dagaa leo, mwenye shule atasita kesho. Maelezo ndiyo yabebe kazi, kwa sababu hayo unaweza kuyabadili kila unapojifunza soko.

Leseni utaipata halmashauri inayosimamia mahali ulipo. Hapa kwetu hilo huwachanganya wengi: fremu ikiwa Kirumba unakwenda Manispaa ya Ilemela, ikiwa Igoma unakwenda Halmashauri ya Jiji. Maneno ya shughuli utakayojaza kwenye fomu yafanane na yale ya BRELA na ya TRA. Mteja wa ofisi atakapoomba nakala za nyaraka zako, atazisoma zote tatu.

Kuna waliotuuliza kama Kiingereza kinaleta heshima. Kwa zabuni ya shirika, andika Kiingereza kwenye barua ya zabuni. Kwa Makoroboi, Mwaloni na Igoma, mteja wako anasoma Kiswahili na anaongea Kiswahili na Kisukuma. Ukijua Kisukuma, kitumie mdomoni, hasa kwa wazee. Kitafungua milango ambayo kadi haitafungua.

Na usikimbilie rangi. Chapa maelezo yako kwenye karatasi ya kawaida pale steshenari, kurasa ishirini, uwape wafanyabiashara wa mtaa mmoja bila kuwaeleza chochote. Rudi baada ya siku tatu uwaulize wamedhani unafanya nini. Wakikujibu "si wewe unafundisha tuisheni?", umetumia shilingi elfu chache tu na bado hujamlipa fundi wa bango.